Mwongozo kamili wa kutunza kumbukumbu za upasuaji wa masikio kwenye kanzidata ya kompyuta

Anayepasua masikio hajui matokeo ya kazi yake siku ya upasuaji. Kiwambo (ngozi nyembamba iliyo mwisho wa mfereji wa sikio) kilichozibwa vizuri kinaweza kuwa kizima wiki ya sita, kikatoboka tena mwaka wa pili. Kolesteatoma (ngozi inayoota pasipo pake ndani ya sikio la kati na kula mifupa) iliyoondolewa yote, kwa jinsi mpasuaji alivyoona chini ya hadubini, inaweza kuchomoza upya baada ya miaka mitano, mgonjwa akiwa mbele ya daktari mwingine kabisa. Daftari la chumba cha upasuaji linasema nani alipasuliwa na lini. Halisemi sikio hilo limefikia wapi leo. Kanzidata ya masikio inajengwa ili ijibu swali hilo, na kila uamuzi katika mwongozo huu unatokana nalo.

Nimewaandikia madaktari wa masikio, pua na koo, wapimaji wa usikivu, wauguzi na watunza kumbukumbu, pamoja na mtaalamu wa kompyuta aliyepewa kazi ya kutengeneza mfumo. Huhitaji kujua kuandika programu ili ufuate hatua hizi. Unahitaji kalamu, karatasi na wenzako wawili watatu walio tayari kubishana kwa heshima.

Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya kuwasha kompyuta

Kaeni pamoja mpasuaji, mpimaji wa usikivu na mtu wa masjala. Andikeni maswali ambayo mngependa kanzidata iwajibu miaka mitano kutoka sasa. Kwa mfano: kati ya masikio yote yaliyozibwa tundu la kiwambo, mangapi yalikuwa bado yamefunga baada ya mwaka mmoja? Usikivu ulipanda kwa desibeli ngapi baada ya kupandikizwa kifupa bandia? Kolesteatoma imerudi kwa nani, na wapi sikioni? Nani ana kifaa cha chuma sikioni, cha aina gani? Nani alitakiwa kurudi kliniki na hajaonekana?

Kisha chukueni kila kitu mnachotaka kukirekodi na mkiulizie: kinajibu swali lipi? Kisichojibu lolote kitoke. Najua hapa ndipo ubishi huwa mkali, kwa sababu kila mtu ana kipimo anachokipenda. Lakini fomu yenye nyuga (nafasi za kujaza) mia mbili hujazwa kwa bidii mwanzoni, kisha huanza kurukwarukwa, na uga uliojazwa nusu ni mbaya kuliko uga usiokuwepo, maana unakupa takwimu zinazopotosha. Nyuga arobaini zilizojazwa zote kwa kila mgonjwa zitakufikisha mbali zaidi.

Hatua ya 2: Hesabu masikio, usihesabu watu

Kosa linaloharibu kanzidata nyingi za masikio ni kumpa kila mgonjwa mstari mmoja. Mfikirie mama mwenye otosklerosisi, ugonjwa wa mfupa unaokwamisha kifupa cha kusikia, pande zote mbili. Sikio la kulia linapasuliwa. Baada ya miaka miwili linapasuliwa la kushoto. Kisha la kulia linarudiwa kwa sababu kifupa bandia kimeteleza. Mtu ni mmoja, masikio ni mawili, upasuaji ni tatu, na katikati kuna mahudhurio kadhaa na vipimo vya usikivu vya kutosha. Ukivibana hivi vyote kwenye mstari mmoja, utaanza kuongeza safu wima za "upasuaji wa 2", "upasuaji wa 3", na mwisho hakuna hesabu itakayowezekana.

Mwaka 1970 mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd alieleza njia ya kupanga data katika majedwali yanayounganishwa kwa namba, kila jedwali likibeba jambo la aina moja tu. Kanzidata nyingi tunazotumia leo zimejengwa juu ya wazo hilo, nalo linafaa sana kwa masikio. Majedwali unayohitaji ni haya:

- Mgonjwa: mtu mmoja, mstari mmoja.
- Sikio: mistari miwili kwa kila mgonjwa, wa kulia na wa kushoto, hata kama sikio moja ni zima.
- Upasuaji: mstari kwa kila mara sikio linapopasuliwa, ukiwa umefungwa kwenye namba ya sikio.
- Hudhurio: kila mara sikio linapotazamwa kliniki.
- Audiogramu: kila kipimo cha usikivu.
- Utambulisho: jina, simu na namba ya faili, likitunzwa kando. Sababu zake ziko kwenye hatua ya 8.

Kuna jambo moja hapa ambalo watengenezaji wengi wa mifumo hulikosea kwa sababu hawajakaa kliniki. Audiogramu isifungwe kwenye upasuaji. Ifungwe kwenye sikio na tarehe. Kipimo kilichofanyika kabla ya upasuaji wa pili ndicho hichohicho matokeo ya mwisho ya upasuaji wa kwanza. Ukikifungia kwenye upasuaji mmoja, utalazimika kukiandika mara mbili, na siku moja nakala hizo mbili zitatofautiana. Kikiwa na namba ya sikio na tarehe tu, kompyuta yenyewe itajua kilitangulia upasuaji upi na kilifuata upi. Mahudhurio nayo yafuate kanuni hiyo.

Hatua ya 3: Chagua nyuga za kila jedwali

Jedwali la mgonjwa ni fupi: namba ya ndani, jinsia, tarehe ya kuzaliwa. Usiandike umri, kwa sababu umri huchakaa. Kompyuta itaukokotoa kutoka tarehe mbili. Mgonjwa asiyejua siku aliyozaliwa awekewe mwaka, pamoja na uga mwingine unaoonyesha kwamba tarehe hiyo ni ya makadirio.

Jedwali la sikio linabeba upande na ugonjwa wa msingi. Tumia misimbo ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa ili data zako zisomeke na wengine. Katika toleo la 10, H66 ni uvimbe wa usaha wa sikio la kati, H71 ni kolesteatoma, H72 ni kutoboka kwa kiwambo na H80 ni otosklerosisi.

Jedwali la upasuaji ndilo moyo wa mfumo, na hapa inafaa kwenda taratibu.

Anza na tarehe, kama ni upasuaji wa kwanza wa sikio hilo au wa marudio, aliyepasua na daraja lake, na njia iliyotumika: kupitia mfereji wa sikio, nyuma ya sikio, au kwa endoskopu (kamera nyembamba inayoingizwa sikioni). Aina ya upasuaji iwe uga unaoruhusu kuchagua zaidi ya kimoja, maana mastoidektomi (kuchimba mfupa wa mastoidi, ulio nyuma ya sikio) na timpanoplasti (kukarabati kiwambo na vifupa) mara nyingi hufanyika kwa pamoja. Kwa mastoidektomi, rekodi kama ukuta wa nyuma wa mfereji uliachwa au uliondolewa. Hilo litaathiri maisha yote ya sikio hilo, kuanzia usafishaji hadi kuogelea.

Vifupa vitatu vya sikio la kati virekodiwe kimoja kimoja: nyundo ipo au haipo, fuawe ipo, imelika au haipo, matao ya kikuku yapo au hayapo, bamba la kikuku linacheza au limekwama. Wengi huandika tu "timpanoplasti aina ya III" wakifuata mgawanyo wa aina tano wa Wullstein wa miaka ya 1950. Nakushauri usiutegemee peke yake. Madaktari wawili hutumia namba ileile kwa mambo mawili tofauti, na baada ya miaka kumi hakuna atakayejua mwandishi alimaanisha nini. Ukirekodi hali ya kila kifupa, aina yoyote ya uainishaji inaweza kukokotolewa baadaye, hata ile ambayo bado haijabuniwa.

Kanuni hiyo inafanya kazi pia kwa kolesteatoma. Makubaliano ya mwaka 2017 ya vyama vya wataalamu wa masikio vya Ulaya (EAONO) na Japani (JOS) yanagawa sikio la kati na mastoidi katika maeneo yanayofupishwa STAM: S ni maeneo magumu kufikika, T ni chumba cha kiwambo, A ni dari ya sikio la kati na M ni mastoidi. Ugonjwa ulio sehemu moja ni hatua ya I. Ulioenea sehemu mbili au zaidi ni hatua ya II. Wenye matatizo nje ya fuvu ni III. Na uliofika ndani ya fuvu ni IV. Weka uga wa ndiyo au hapana kwa kila eneo na kwa kila tatizo, kisha iache kompyuta itoe hatua yenyewe.

Rekodi kiraka kilichotumika (utando wa msuli wa panja, gegedu, au utando wa gegedu), neva ya uso kama ilikutwa wazi au imefunikwa na mfupa, na hali ya neva ya ladha ipitayo sikio la kati: imeachwa, imevutwa, imekatwa. Nguvu ya uso kabla na baada ya upasuaji iandikwe kwa kipimo cha House na Brackmann cha mwaka 1985, kinachoanzia I kwa uso wa kawaida hadi VI kwa uso uliopooza kabisa.

Vifaa vinavyobaki sikioni vina uzito wa pekee. Kwa kila kifupa bandia au kipandikizi cha kokilia (kifaa cha kusikia kinachowekwa kwenye sikio la ndani) andika mtengenezaji, modeli, vipimo vyake kwa milimita, malighafi, na namba ya toleo iliyobandikwa kwenye paketi. Mwaka 1987 baadhi ya matoleo ya pistoni za McGee, zinazowekwa mahali pa kikuku, yalirudishwa kwa mtengenezaji kwa sababu chuma chake kilivutwa na sumaku, na waliokuwa nazo sikioni hawakupaswa kuingia kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za mwili kwa sumaku kali. Hospitali iliyokuwa imeandika namba za matoleo iliweza kuwatafuta wagonjwa husika peke yao. Mgonjwa ambaye namba yake haikuandikwa hubaki na shaka kila anapoandikiwa kipimo hicho. Kuandika tarakimu chache kutoka kwenye kibandiko huchukua sekunde, na ningeufanya uga huo usiruhusu kuachwa wazi.

Hatua ya 4: Weka sheria za uandishi

Kila jibu linaloweza kuwekwa kwenye orodha ya kuchagua, liwekwe. Ukiacha watu waandike wanavyotaka, utapata "kolesteatoma", "cholesteatoma", "koles." na "CSOM yenye kolesteatoma", na kompyuta itahesabu magonjwa manne. Acha uga mmoja wa maelezo huru chini ya fomu, ila usiutegemee kwa hesabu yoyote.

Upande wa sikio uandikwe neno zima, kulia au kushoto. Herufi K peke yake haisemi lolote, na kosa la upande kwenye masikio ni kosa la kumpasua mtu mahali pasipo na ugonjwa. Chaguo la "pande zote" lisiwepo kabisa, kwa kuwa sikio ndilo kipimo chetu.

Tarehe ziandikwe kwa mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, mwaka kwanza: 2024-05-03. Tarehe 03/05/2024 kwa mmoja ni Mei na kwa mwingine ni Machi. Weka pia vizuizi vya akili ya kawaida: tarehe ya upasuaji isitangulie tarehe ya kuzaliwa, hudhurio lisiwe siku ambayo bado haijafika.

Kisha kuna suala la data isiyokuwepo. Uga mtupu unaweza kuwa na maana tatu: haikupimwa, ilipimwa lakini haijulikani, au haihusiki. Mtoto wa miaka miwili ambaye hawezi kufanya kipimo cha kawaida cha usikivu si sawa na mtu mzima ambaye karatasi yake imepotea. Wape wajazaji chaguo hizo tatu kwa majina yake.

Hatua ya 5: Tunza audiogramu kwa namba zake mbichi

Hapa ndipo kanzidata inapopata au kupoteza thamani yake yote. Wengi hurekodi wastani tu: "kabla 50, baada 30". Namba hizo hazina faida kubwa. Wastani wa masafa yapi? Kwa hewa (sauti ikipita mfereji wa sikio) au kwa mfupa (mtetemo ukiwekwa kwenye fuvu)? Ulifunikwa upande wa pili kwa sauti ya kuzuia, au haukufunikwa?

Hifadhi kila kizingiti, yaani sauti ndogo kabisa mtu anayoisikia, kivyake: njia ya hewa kwa 250, 500, 1000, 2000, 3000, 4000 na 8000 Hz; njia ya mfupa kwa 500 hadi 4000 Hz. Fanya hivyo kwa masikio yote mawili kila mara, hata kama lililopasuliwa ni moja. Mwaka 1985 Smyth na Patterson walionyesha kwamba mgonjwa huhisi faida ya upasuaji pale usikivu wa sikio lililopasuliwa unapofika desibeli 30 au chini yake, au unapolikaribia sikio la pili kwa tofauti isiyozidi desibeli 15. Bila namba za sikio la pili huwezi kujua kama mgonjwa wako aliondoka na faida yoyote anayoisikia.

Ongeza uga wa kuonyesha kama sauti ya kuzuia ilitumika, na uga wa "hakujibu" pale mashine ilipofika mwisho wa nguvu zake. Usiandike 999 wala 0 kwa maana ya hakujibu. Siku utakapokokotoa wastani, namba hiyo itaingia kwenye hesabu kimyakimya na kuharibu kundi zima.

Sasa tazama hesabu moja kwa ukaribu. Kamati ya usikivu ya chuo cha Marekani cha madaktari wa masikio, pua na koo ilipendekeza mwaka 1995 kwamba matokeo yatolewe kwa wastani wa masafa manne: 500, 1000, 2000 na 3000 Hz. Pale 3000 isipopimwa, wengi huchukua katikati ya 2000 na 4000. Chukua sikio la kulia lenye otosklerosisi.

Kabla ya upasuaji, hewa ni 55, 50, 45 na 50 kwa 500, 1000, 2000 na 4000 Hz. Nafasi ya 3000 inakuwa 47.5, na wastani wa manne ni 49.4. Mfupa ni 15, 20, 30 na 20. Nafasi ya 3000 inakuwa 25, wastani 22.5. Pengo kati ya hewa na mfupa ni desibeli 26.9. Ona namba 30 ya mfupa kwenye 2000 Hz: hilo ndilo bonde lililoelezwa na Raymond Carhart mwaka 1950. Linatokana na kukwama kwa kikuku, si kwa ugonjwa wa sikio la ndani, na mara nyingi hupungua kikuku kikishabadilishwa.

Baada ya mwaka, hewa ni 35, 30, 25 na 30, wastani 29.4. Mfupa ni 15, 15, 15 na 20, wastani 15.6. Pengo jipya ni desibeli 13.8. Lakini ukichukua hewa ya baada na kutoa humo mfupa wa kabla, utapata pengo la 6.9. Kwa kuwa matokeo hupangwa kwa makundi ya 0–10, 11–20, 21–30 na zaidi ya 30, sikio lilelile limeruka kutoka kundi la pili hadi kundi bora kabisa kwa sababu tu ya mfupa uliochaguliwa. Mapendekezo ya 1995 yanataka hewa na mfupa vya siku moja. Mtu aliyehifadhi pengo tu hawezi kurudi nyuma kuhakiki; aliyehifadhi vizingiti anarudi wakati wowote.

Kwa hiyo wastani na mapengo visiandikwe na mtu. Vikokotolewe na kompyuta kila ripoti inapotolewa. Ongeza pia hesabu ya mfupa kwa 1000, 2000 na 4000 Hz kabla na baada, maana hiyo ndiyo inayofichua madhara kwenye sikio la ndani, nayo lazima ionekane hata pale inapouma.

Hatua ya 6: Chagua programu

Lahajedwali kama Excel linavutia kwa sababu kila mtu analijua. Kwa orodha ndogo ya muda mfupi linatosha. Haliunganishi majedwali kwa uhakika, mtu anaweza kupanga upya safu moja na kuacha nyingine ilipo, na matoleo yake yana mipaka. Mwezi Oktoba 2020 huko Uingereza, karibu visa 16,000 vya UVIKO-19 viliachwa nje ya hesabu kwa muda kwa sababu faili la muundo wa zamani lilikuwa limejaa mistari yake 65,536 na mistari iliyozidi ilikatwa.

Kituo kidogo chenye kompyuta moja kinaweza kuanza na LibreOffice Base au Microsoft Access. Wanaohitaji watu wengi kujaza kwa wakati mmoja watafute PostgreSQL au MySQL pamoja na fomu za kwenye kivinjari. REDCap, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, hutolewa bila malipo kwa taasisi zisizo za kibiashara zinazojiunga na umoja wake, na ina fomu za marudio, vizuizi na kumbukumbu za nani alibadili nini. Kama taasisi yako inaweza kuipata, ningeanza nayo. Vyovyote utakavyochagua, hakikisha data inaweza kutolewa yote kwa muundo wa CSV, faili la maandishi ya kawaida linalosomwa na programu nyingi. Programu hufa na kampuni hufungwa, lakini mgonjwa aliyepasuliwa akiwa mtoto atahitaji kumbukumbu zake kwa miaka sitini.

Hatua ya 7: Amua nani anajaza, na saa ngapi

Fomu ya upasuaji ijazwe na mpasuaji mwenyewe kabla hajatoka kwenye eneo la upasuaji, akiwa bado anakumbuka kama fuawe ilikuwa imelika ncha tu au imekwisha. Audiogramu ijazwe na mpimaji palepale kwenye chumba cha kupimia. Hudhurio lijazwe mgonjwa akiwa bado kwenye kiti. Kurundika karatasi hadi Ijumaa ndiyo njia ya uhakika ya kupata nyuga tupu.

Teua mtu mmoja awe mwenye kanzidata. Si lazima awe daktari. Mara nyingi muuguzi au mtunza kumbukumbu aliye makini huifanya kazi hii vizuri kuliko wote. Apewe muda rasmi kwenye ratiba yake, asifanye kwa kuiba saa za chakula. Kila mwezi achague rekodi chache bila upendeleo na kuzilinganisha na faili la karatasi. Tofauti zikiwa nyingi kwenye uga fulani, tatizo huwa ni swali lililoandikwa vibaya kwenye fomu, na fomu ndiyo ya kurekebishwa.

Hatua ya 8: Linda siri na linda data

Jina, simu na namba ya faili vikae kwenye jedwali la utambulisho, lenye nywila yake, linalofunguliwa na watu wachache. Majedwali mengine yatumie namba ya ndani tu. Kwa njia hiyo, mwanafunzi anayechambua matokeo ya timpanoplasti hana sababu ya kuona jina la mtu yeyote. Kila mtumiaji awe na nywila yake; nywila moja ya idara nzima haimlindi mgonjwa wala mfanyakazi. Diski za kompyuta na za nje zisimbwe, ili kompyuta ya mkononi ikiibwa kilichopotea kiwe ni kifaa tu.

Picha za kiwambo zinazopigwa kwa endoskopu zipewe jina lenye namba ya sikio na tarehe, zisihifadhiwe kwenye simu ya daktari. Kutumia kumbukumbu kwa utafiti kunahitaji kibali cha kamati ya maadili na kufuata sheria za faragha za nchi husika, hata kama data zilikusanywa kwa ajili ya matibabu.

Nakala za akiba ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Ziandaliwe na kompyuta yenyewe kila usiku. Kisha, mara chache kwa mwaka, chukua nakala moja na uifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama inafanya kazi. Nakala isiyowahi kufunguliwa usiihesabu.

Hatua ya 9: Ingiza za zamani kwa kiasi

Usianze na makabati ya miaka ishirini iliyopita. Anza na mgonjwa wa kesho asubuhi. Mfumo ukitulia kwa miezi kadhaa, rudi nyuma kwa wale wanaohitaji kufuatiliwa bado, kwanza wa kolesteatoma na wenye vipandikizi. Rekodi hizo ziwekewe alama kwamba zilitolewa kwenye mafaili ya zamani, kwa kuwa ubora wake ni tofauti na usichanganye makundi hayo mawili kwenye ripoti.

Kabla ya kuufungulia kila mtu, jaribu mfumo kwa rekodi kumi za kweli zilizo ngumu: mwenye masikio mawili yenye magonjwa tofauti, mtoto asiyeweza kupimwa, aliyepasuliwa mara nne, aliyeanzia hospitali nyingine. Mfumo ukizibeba hizo bila kulazimisha, wengine watapita.

Hatua ya 10: Tafuta wasiorudi

Kila mwezi kanzidata itoe orodha ya masikio ambayo hayajaonekana. Ombi la SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, kwa ajili ya kolesteatoma linaweza kuwa hivi:

SELECT s.namba_mgonjwa, s.upande,
       MAX(h.tarehe) AS mara_ya_mwisho
FROM upasuaji u
JOIN sikio s ON s.namba_sikio = u.namba_sikio
LEFT JOIN hudhurio h ON h.namba_sikio = s.namba_sikio
WHERE s.ugonjwa = 'H71'
GROUP BY s.namba_sikio, s.namba_mgonjwa, s.upande
HAVING MAX(h.tarehe) IS NULL
    OR MAX(h.tarehe) < '2024-01-01';

Badili tarehe ya mwisho iwe mwaka mmoja nyuma ya leo. Orodha inatoka na namba tu. Mtu wa masjala mwenye ruhusa ndiye anayetafuta simu. Kwenye utambulisho hifadhi simu mbili, ya mgonjwa na ya ndugu, kwa sababu laini hubadilika. Waliofariki au waliohamia kituo kingine wapewe alama ili familia isipigiwe simu kila mwezi.

Kwenye fomu ya hudhurio tenganisha mambo mawili yanayochanganywa mno: kolesteatoma iliyobaki kutokana na masalia ya upasuaji, na kolesteatoma mpya iliyotokana na kiwambo kuvutwa ndani tena. Ya kwanza inazungumzia ukamilifu wa usafishaji, ya pili inazungumzia ujenzi na hewa ya sikio la kati. Andika pia ilijulikanaje: kwa macho, kwa MRI, au kwa kufungua sikio tena.

Hatua ya 11: Toa ripoti kwa haki

Ripoti ya usikivu isubiri angalau mwaka mmoja baada ya upasuaji, kama mapendekezo ya 1995 yanavyotaka. Kwa kolesteatoma asilimia za kawaida hazitoshi, maana mgonjwa wa mwezi jana na wa miaka saba iliyopita hawajapewa nafasi sawa ya kurudiwa na ugonjwa. Tumia njia ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958, ambayo humhesabu kila mtu kwa muda alioonekana kweli. Programu za takwimu kama R huikokotoa moja kwa moja, mradi jedwali lako lina tarehe ya upasuaji, tarehe ya mwisho kuonekana na tarehe ya ugonjwa kurudi.

Na kila asilimia iandikwe pamoja na namba mbili: masikio yaliyopasuliwa na masikio yaliyoonekana. Kama yalipasuliwa 120, yakaonekana 70 baada ya mwaka, na 63 yalikuwa yamefunga, usiandike "asilimia 90 zimefaulu" ukaishia hapo. Andika 63 kati ya 70, kisha ueleze kwamba 50 hayakuonekana, na uambatanishe ugonjwa wao, umri wao na umbali wanakotoka, ili msomaji aone kama waliopotea wanafanana na waliorudi.